Barua Isiyopatikana ni Sawa na Barua Iliyochomwa

Kuna mama mmoja wa Nkubu, Meru, aliyeacha kwenda mikutano ya chama chake kwa sababu ya shilingi 14,500. Alikuwa mweka hazina kwa miaka minne. Chama kina wanachama 22, na kazi yake ilikuwa kupokea michango, kulipa wauzaji na kuandika daftari. Tunasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina, kwa sababu sehemu ya makosa ni yetu.

Mambo yalianza hivi. Alitakiwa kumtumia muuza matangi ya maji shilingi 36,000. Akakosea tarakimu moja tu, pesa zikaenda kwa mtu asiyemjua. Alipiga simu huduma kwa wateja papo hapo, kisha akaingia saiba ya pale mjini akaomba aandikiwe barua pepe ya malalamiko. Shilingi 21,500 zilirudishwa. Zile nyingine, aliyezipokea alikuwa ameshazitoa kwa wakala. Tulimjibu kwa barua pepe, tukamweleza hivyo, tukamwambia na namna ya kuripoti polisi. Alimweleza mwenyekiti wa chama, mwenyekiti akaelewa, wakaendelea na maisha.

Mwaka mmoja na zaidi ukapita. Yule mwenyekiti akafariki. Viongozi wapya wakachaguliwa, wakafungua daftari, wakauliza: hizi 14,500 zilienda wapi?

Utasema, si angetoa stetimenti? Aliitoa. Stetimenti ilionyesha 36,000 zimetoka na 21,500 zimerudi. Lakini stetimenti husema pesa ilienda wapi, haisemi kwa nini. Wengine walianza kunong'ona kwamba alimtumia rafiki yake, wakala nusu, nusu wakairudisha ili mambo yafanane na bahati mbaya. SMS za siku ile hakuwa nazo, kwa sababu fundi alikuwa amefomati simu yake miezi sita nyuma. Kilichobaki cha kumtetea kilikuwa ile barua pepe na jibu letu.

Akatupigia. Kuipata barua hiyo kulituchukua siku tisa.

Tuliitafuta kwa jina lake, hakuna. Kwa nambari yake ya simu, hakuna. Kumbe barua ilitumwa kutoka anwani ya kijana wa saiba, kichwa chake kikiwa "Tafadhali saidia", na ndani hapakuwa na nambari ya muamala. Kilichotuokoa ni nambari ya yule mtu aliyepokea pesa kimakosa. Ilikuwa imeandikwa mara moja tu, kwenye mstari wa mwisho. Mwenzetu alipoitafuta kwa nambari hiyo, barua ikatokea pamoja na jibu letu, tarehe na saa.

Mama alipeleka nakala mkutanoni ikasomwa mbele ya wote. Amerudi kwenye chama, ila hazina amekataa kabisa kuishika tena. Barua ilimsafishia jina. Zile siku tisa za kulala bila usingizi hatuna namna ya kumrudishia.

Ndiyo maana tunaandika haya. Kampuni yoyote ya pesa itakuambia kwamba inahifadhi mawasiliano yako. Sisi tunasema hilo halitoshi. Barua iliyohifadhiwa lakini haipatikani siku unapoihitaji, haina tofauti na barua iliyochomwa. Na mteja naye ana nusu yake ya kazi.

Mkulima wa kahawa analijua hili tayari

Nenda kiwanda chochote cha kahawa Runyenjes au Manyatta wakati wa mavuno. Mkulima anapeleka kahawa mbivu, inapimwa, anapewa risiti ya kilo, na kiwanda kinabaki na nakala. Pesa hazitoki siku hiyo. Zitatoka baada ya miezi, kahawa ikishauzwa. Kwa hiyo mkulima anaikunja ile risiti vizuri, anaiweka mahali panya hawafiki.

Haiweki kwa sababu ana shaka leo. Leo ameona mizani kwa macho yake, na karani anamjua kwa jina. Anaiweka kwa sababu kati ya siku ya kupima na siku ya kulipwa, watu husahau, makarani hubadilishwa, na kilo hupungua kwenye vitabu. Risiti ni ya ile siku ambayo kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake tofauti.

Barua pepe kati yako na kampuni ya malipo ni risiti ya aina hiyo. Tofauti ni kwamba nyingi wetu tunaiandika tukiwa na hasira, tunajibiwa, tunaifuta. Mkulima hangefanya hivyo hata siku moja.

Tano, sita, saba

Watu wengi hutuuliza: niweke rekodi mpaka lini? Sheria za Kenya zina majibu, na ni rahisi kuyakumbuka kwa sababu yanafuatana.

Tano ni ya ushuru. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamtaka mlipa ushuru aweke hati zake miaka 5 kuanzia mwisho wa kipindi kinachohusika. Sheria hiyo hiyo inasema hati ziwekwe kwa mojawapo ya lugha rasmi, kumaanisha daftari lako la Kiswahili linakubalika kabisa. Inasema pia ziwekwe kwa namna itakayowezesha ushuru wako kujulikana bila shida. Soma hapo tena. Haitoshi kuwa na gunia la risiti nyuma ya duka. Ziwe zinaweza kusomeka na kueleweka.

Sita ni ya madeni. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, mtu anaweza kukushtaki kuhusu mkataba hadi miaka 6 tangu haki yake ivunjwe. Yule muuzaji wa mbolea wa Makutano anayedai hukumalizia malipo anaweza kuamka baada ya miaka mitano akaenda kortini, na bado yuko ndani ya muda.

Saba ni yetu sisi. Sheria ya 2009 ya kupambana na utakatishaji wa pesa, ile watu wa benki huiita POCAMLA, inazitaka taasisi za kifedha ziweke rekodi za wateja na miamala kwa angalau miaka 7 tangu muamala ukamilike. Na hili si jambo la Kenya peke yake. FATF, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya kupambana na pesa chafu, linataka pia barua za kibiashara zinazohusu akaunti zihifadhiwe pamoja na rekodi nyingine. Februari 2024 FATF iliiweka Kenya kwenye orodha ya kijivu, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu zaidi. Tangu hapo kila kampuni inayoshika pesa za watu inajua kwamba ikiulizwa, lazima iwe na jibu, na jibu liwe na karatasi.

Kwa hiyo kampuni ikikuambia "barua ya miaka mitatu iliyopita hatuna", una haki ya kuuliza mara ya pili.

Kuhifadhi ni nusu ya kazi

Hifadhi nzuri ya barua hufanya kazi hivi. Barua ikiingia au ikitoka, mfumo unachukua nakala hapo hapo, kabla mfanyakazi yeyote hajapata nafasi ya kuifuta au kuibadilisha. Kisha maneno yote yaliyomo yanaorodheshwa, kama ile orodha ya maneno iliyo mwisho wa kitabu: nani ameandika, tarehe gani, kichwa kinasemaje, ndani kuna nambari zipi, viambatisho vina nini. Siku ya kutafuta, mfumo hausomi barua zote moja moja. Unaangalia orodha.

Hapo ndipo tulipokwama kwa yule mama. Nakala ilikuwepo, na orodha ilikuwepo. Lakini wafanyakazi wetu walizoea kutafuta kwa jina na anwani ya mtumaji pekee, kana kwamba kila mtu ana barua pepe yake. Kijijini mambo si hivyo. Mama anatumia anwani ya saiba, mzee anatumia ya mjukuu, chama kizima kinatumia ya katibu. Mfumo unaotafuta mtumaji peke yake uliundwa kwa ajili ya watu wa ofisini. Mkulima wa Kibirichia hajafikiriwa hapo.

Tumebadilisha. Sasa utafutaji wetu unaanza na nambari: nambari ya muamala, ya simu ya mtumaji, ya simu ya mpokeaji, kisha kiasi na tarehe. Majina ni ya mwisho. Hatusemi tumemaliza kazi, lakini angalau tumejua tulipoangukia.

Na kuna jambo ambalo wateja wengi hawajaambiwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 una haki ya kuona taarifa zako ambazo kampuni inazo. Kanuni zilizotolewa 2021 zinasema ombi kama hilo lijibiwe ndani ya siku 7, bila kukutoza. Siku zetu tisa zilipita muda. Tunaliandika hapa wazi kwa sababu hatuwezi kuwafundisha wateja sheria halafu tujifiche nayo.

"Sasa mnatuchunguza?"

Tulipofanya mafunzo kwa wateja mjini Embu, mzee mmoja mfanyabiashara alisimama akasema, "Vijana, nyinyi mnaweka barua zetu miaka saba. Sasa si mnatuchunguza?"

Ni swali zuri, na hatukulicheka. Mzee, tulimwambia, hofu yako ina msingi. Hifadhi ya barua ni chombo chenye makali pande mbili. Barua ile ile inayoweza kumsafisha mweka hazina inaweza kusomwa na mfanyakazi mdadisi anayetaka kujua jirani yake anapokea pesa kutoka kwa nani. Kampuni isiyokubali kwamba hatari hiyo ipo, msiiamini.

Dawa si kutohifadhi. Dawa ni masharti. La kwanza, wanaoruhusiwa kutafuta wawe wachache na wajulikane. La pili, kila utafutaji uache alama: nani ametafuta, saa ngapi, kwa maneno gani, kwa sababu gani. Anayechunguza barua za wateja naye awe anachunguzwa. La tatu, muda ukiisha barua ifutwe kikweli. Sheria ya 2019 hairuhusu taarifa zako kukaa milele eti kwa sababu nafasi ya kompyuta ni rahisi. Kampuni inatakiwa ikae nazo kwa muda unaohitajika tu, isipokuwa sheria nyingine inataka zaidi au kuna kesi inayoendelea.

Hiyo ya mwisho inafaa kueleweka vizuri. Ukituandikia leo kwamba tufute rekodi za muamala wa mwaka jana, tutakataa, kwa sababu POCAMLA inatufunga mikono. Lakini ukiona kampuni inatumia taarifa zako kwa jambo ambalo hukukubali, au inakataa kukuonyesha yako mwenyewe, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ipo na inapokea malalamiko ya mwananchi wa kawaida.

Mzee alikaa chini akasema, "Haya. Lakini nitawauliza tena." Auliza tu. Tungependa kila mteja aulize.

Mazungumzo ya pembeni ndiyo hupotea

Kuna mahali ambapo hifadhi zote hizi hazifiki, nako ni WhatsApp ya mtu binafsi.

Si tatizo la Kenya tu. Desemba 2021 mamlaka za Marekani ziliitoza benki ya JPMorgan faini ya jumla ya dola milioni 200. Kosa lilikuwa kwamba wafanyakazi wake walikuwa wakijadili biashara kwa WhatsApp, SMS na barua pepe zao za nyumbani, na benki haikuwa na nakala. Hawakushtakiwa kwa kuiba. Walitozwa kwa sababu wasimamizi wangetaka kuangalia, wasingepata kitu.

Sasa rudi nyumbani. Wakala wako anakuambia, "Nitumie tu kwa WhatsApp, nitakushughulikia." Anakushughulikia kweli, na unashukuru. Miezi mitano baadaye amehama, amebadilisha laini, au simu imeanguka mtoni. Malalamiko yako hayakuwahi kufika kwa kampuni. Kwenye kumbukumbu zetu, siku hiyo hukusema lolote.

Wauzaji wa muguka kule Mbeere wanaijua hatari hii. Oda inatoka Pwani kwa WhatsApp, pesa inakuja kwa simu, mzigo unapanda gari usiku. Kila mtu anaaminiana, na biashara inaenda. Lakini Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka kwa ghafla kabla suala hilo halijafika kortini. Jambo kama hilo likikupata na mzigo ukiwa njiani, swali huwa moja: hii pesa ilikuwa malipo ya mzigo wa jana, au amana ya mzigo wa kesho? Stetimenti haitajibu. Itajibu ile sentensi moja mliyoandikiana, kama bado ipo na kama inaweza kupatikana.

Picha ya skrini inasaidia, usiidharau. Lakini jua mipaka yake. Chini ya Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, ushahidi wa kielektroniki huenda mahakamani ukiambatana na cheti cha mtu anayehusika na kifaa kilichoutoa. Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, haifungwi sana na kanuni ngumu za ushahidi. Hata huko, barua yenye tarehe, anwani na jibu la kampuni ina uzito kuliko picha iliyokatwa juu na chini.

Nusu yako ya kazi

Tumesema kampuni ina wajibu wa kupata. Wewe una wajibu wa kuandika kitu kinachopatikana. Hakuna gharama kubwa hapa, hata kama simu yako ni kabambe.

1. Ukipiga simu kulalamika, fuatisha na maandishi siku hiyo hiyo. Simu inatatua haraka, lakini barua ndiyo inayobaki.

2. Kwenye kichwa cha barua weka nambari ya muamala, kiasi na tarehe. "Tafadhali saidia" inaandikwa na maelfu ya watu. Nambari ya muamala ni yako peke yako.

3. Ukitumia barua pepe ya saiba au ya mtoto, andika ndani jina lako kamili na nambari ya simu iliyotuma pesa. Muombe aliyekuandikia akupigie chapa nakala ya barua, na jibu likija urudi uchukue nakala yake pia.

4. Usiandike PIN yako kwenye barua, hata mara moja, hata ukiwa na haraka. Barua ikishaingia kwenye hifadhi hatuwezi kuifuta kesho. Ukiwa umeshaandika, badilisha PIN sasa hivi.

5. Pesa ya chama isiwe na barua pepe ya mtu mmoja. Fungueni anwani ya chama, na nenosiri lijulikane na viongozi wawili au watatu. Viongozi wakibadilika, nenosiri libadilishwe na anwani ikabidhiwe pamoja na daftari na muhuri.

6. Kabla fundi hajagusa simu yako, hamisha SMS za miamala muhimu au ziandike daftarini: nambari ya muamala, tarehe, kiasi, na maneno matatu ya sababu. "Tangi la maji." Hayo maneno matatu yangemwokoa yule mama wiki moja ya aibu.

7. Kila mwezi omba stetimenti, na kando ya kila malipo makubwa andika ilikuwa ya nini. Ukiifanya kila mwezi ni dakika kumi. Ukiiacha mwaka mzima ni kesi.

Hatuandiki haya ili mzigo wote ubaki kwako. Kampuni ndiyo yenye kompyuta, mawakili na wafanyakazi. Ikishindwa kupata barua uliyoandika vizuri, kosa ni lake, na isikubabaishe. Lakini sisi wa huku Meru na Embu tunajua namna ya kutunza karatasi. Bibi zetu wana risiti za kahawa za zamani sana kwenye sanduku chini ya kitanda, na ukimuuliza ya msimu fulani, atainama aitoe.

Tunataka kampuni zote za malipo, yetu ikiwa ya kwanza, zifikie hapo alipo bibi. Aulizwe, ainame, aitoe.

Leo jioni, kabla hujalala, tafuta kwenye simu yako muamala mkubwa zaidi uliofanya mwaka huu. Ukiupata, andika pembeni ulikuwa wa nini. Usipoupata, tuandikie, na uweke nambari yako ya simu kwenye kichwa cha barua.